Mrejesho: kutofautisha Esc na vitufe vya mishale kwenye terminali

Wakuu, niliuliza kwa nini programu yangu ya C kwenye Linux inaona mshale wa juu kama Esc ikifuatiwa na herufi mbili za ajabu. Limetatuka.

Terminali haitumi "kitufe", inatuma baiti. Mshale wa juu ni 27, 91, 65, na Esc peke yake ni 27 tu. Kwa hiyo ukisoma 27, subiri kidogo: isipokuja baiti nyingine, ni Esc halisi. Kwa `tcsetattr` (kitendakazi cha kubadili mipangilio ya terminali) nimezima `ICANON` (kusubiri Enter) na `ECHO` (kuonyesha kinachoandikwa), kisha nikaweka `VMIN` (idadi ya chini ya baiti za kusubiri) 0 na `VTIME` (muda wa kusubiri) 1, yaani sehemu moja ya kumi ya sekunde. `read` ikirudisha 0, muda umeisha. Kwa SSH (kutumia kompyuta ya mbali) yenye mtandao mzito baiti huchelewa, hivyo `VTIME` ya 2 au 3 ni salama zaidi.

Msikariri 91 pekee. Terminali ikiwa kwenye modi ya programu, mshale huohuo hutuma 27, 79, 65. Delete huwa 27, 91, 51, 126. Ctrl+I na Tab kwa kawaida zote ni 9, hapo hakuna ujanja. Shift peke yake haitumi chochote.

Anayetumia ncurses (maktaba ya kutengeneza skrini za terminali) aite `keypad(stdscr, TRUE)` apate `KEY_UP` moja kwa moja, ila apunguze `ESCDELAY`, muda ambao ncurses husubiri baada ya Esc. Chaguo-msingi la milisekunde 1000 linakera.

Rudisheni mipangilio ya awali ya terminali kwa `atexit` (huita kitendakazi chako programu ikiisha kawaida), na mshughulikie SIGINT (ishara ya Ctrl+C) pia, maana Ctrl+C huiruka `atexit`. Terminali ikibaki bubu, andika `stty sane`.