Tupeane uzoefu: Mapumziko ya wawili Istanbul, kati ya kuona na kula

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba hapa tukusanye simulizi za waliokwenda Istanbul na wenzi wao, hasa namna walivyogawana siku kati ya majengo na meza ya chakula, kwa maana hapo ndipo mimi na mke wangu tulipokaribia kununiana kabla hata hatujazoea kitanda cha hoteli.

Tulikwenda mwezi wa Oktoba, usiku sita, kuadhimisha mwaka wa kumi wa ndoa yetu. Mimi ni mtu wa ratiba. Nilikuwa na daftari lenye kila saa ya kila siku, na nafasi niliyoukadiria mlo wa mchana ilikuwa dakika arobaini. Mke wangu naye anaamini kwamba mji usioonjwa haujafikiwa. Siku ya tatu, ambayo ilikuwa Jumanne, nilimwamsha alfajiri ili tuwahi foleni ya Topkapı, kasri walimokaa masultani wa Dola ya Uthmaniya kwa karibu miaka mia nne. Tulifika tukakuta lango limefungwa, na mlinzi, bila hata kutusemesha, akatuonyesha kibao: Topkapı hufungwa kila Jumanne. Nilikuwa nimeandika idadi ya vyumba, majina ya masultani na uzito wa almasi, lakini siku ya kufungwa sikuwa nimeiandika.

Mke wangu hakusema neno. Alifungua mkoba, akatoa simit, ule mkate wa duara uliopakwa ufuta, akaukata katikati na kunipa nusu. Kisha akashika njia ya kituo cha tramu, nami nikamfuata hadi Eminönü, tukapanda kivuko cha kwenda Kadıköy. Safari ile huchukua kama dakika ishirini tu, lakini mtu huondoka Ulaya akateremka Asia. Tuliketi kwenye benchi la nje. Mhudumu alipita na sinia la chai iliyotiwa katika vigilasi vyembamba kiunoni, ambavyo hushikwa ukingoni kwa ncha za vidole kwa sababu havina mkono na vinaunguza. Shakwe walituandama njia nzima, wakidaka vipande vya mkate ambavyo abiria walikuwa wakirusha.

Huko Kadıköy tulikula kile wanachokiita kahvaltı, neno ambalo asili yake ni chakula kinachotangulia kahawa. Meza ilijaa visahani hadi hapakuwa na pa kuweka kiwiko: zeituni nyeusi na za kijani, jibini za aina tatu, nyanya na matango, mayai yaliyopikwa pamoja na nyanya na pilipili hoho yakaletwa yangali yanachemka ndani ya kikaango, na malai mazito yaliyomwagiwa asali. Asali hiyo ilidondokea daftari langu, na hadi leo kurasa za Jumatano na Alhamisi zimegandana.

Je, ninyi mlipatanaje? Karibuni.

Mchango wa kwanza

Pole kaka kwa Jumanne hiyo. Sisi yalitukuta Jumapili, tulipokwenda Kapalıçarşı, lile soko kubwa lililoezekwa lenye maelfu ya maduka, tukakuta milango yote imefungwa kwa kuwa Jumapili ni siku yao ya mapumziko. Heri yetu ni kwamba Soko la Viungo lililoko karibu na Eminönü hufunguliwa siku hiyo. Wanaojiandaa kusafiri waongeze pia kwamba kasri la Dolmabahçe hufungwa Jumatatu.

Kwetu sisi mambo yamegeuka: mimi ndiye mpenda majengo, na mume wangu ndiye anayetembea akinusa milango ya migahawa. Niliomba siku moja tu ambayo hataniharakisha, nayo ilikuwa siku ya Hagia Sophia. Jengo lile lilikamilika mwaka 537 baada ya ujenzi wa miaka mitano tu, chini ya Mfalme Justinian, na kuba lake lina upana wa takriban mita 31. Sehemu ya kuba hiyo ilianguka mwaka 558, nao wakaijenga upya kwa kuiinua juu zaidi. Limekuwa kanisa, msikiti, makumbusho, na tangu mwaka 2020 ni msikiti tena. Tulipokwenda sisi, watalii wa kigeni walikuwa wakilipa euro 25 na kupelekwa kwenye roshani za juu, huku sakafu ya chini ikibaki ya wanaosali. Bei hiyo ilimuuma mume wangu, ambaye alishaihesabu kwa sahani za nyama ya kuchoma.

Nilisimama muda mrefu mbele ya picha ya vijiwe inayomwonyesha Yesu akiwa na Maria na Yohana Mbatizaji. Sehemu ya chini imebomoka karibu yote, lakini nyuso zimebaki, na vijiwe vya shavuni vimepangwa kwa rangi zinazofifia kidogo kidogo hadi mtu akadhani ni ngozi. Nilipogeuka kumtafuta mwenzangu nilimkuta ameinamia ukingo wa marumaru, akiangalia mikwaruzo. Ni maandishi ya watu wa kaskazini mwa Ulaya, yaliyochorwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita na mtu aliyeandika jina lake, Halfdan. Mume wangu aliyatazama, akanitazama mimi, akasema: “Huyu naye alikuwa anamsubiri mkewe.”

Tulipotoka nilimlipa deni lake pale Eminönü, kwa mkate uliojazwa samaki wa kuchoma, vitunguu na limau, na pembeni bilauri ya maji ya achari, mekundu na makali, ambayo yeye alikunywa mbili na mimi nikashindwa kumaliza moja.

Mchango wa pili

Naongeza jambo dogo tu. Siku ya kwanza mwenye duka alitupokea kwa kusema “Merhaba!” na mke wangu akaniuliza kwa mshangao ni lini tulimwamkia shikamoo hata atuitikie. Kumbe kwao hiyo ndiyo salamu yenyewe. Tangu hapo tukawa tunawinda maneno ya undugu: dakika ni dakika, dunia ni dünya, habari ni haber, sabuni ni sabun, na katika orodha ya vyakula tukakutana na bamya, ambayo ni bamia ile ile. Mahali ambapo Kiingereza hakikupita, maneno kama hayo yalituvusha, hasa kwa wazee wa sokoni.

Mchango wa tatu

Nami nitoe la tahadhari, kwa kifupi. Tukiwa tunateremka kutoka mnara wa Galata, mpiga viatu rangi aliyekuwa akitembea mbele yetu aliangusha brashi yake. Mimi, kwa adabu niliyolelewa nayo, nikaiokota na kumkimbilia. Alinishukuru kwa moyo wote, akasisitiza anisafishie viatu kama asante, na alipomaliza akataka malipo ambayo yangetutosha chakula cha usiku. Mke wangu alikuwa ameshaelewa tangu brashi ilipogusa ardhi, lakini anasema aliniacha nijifunze. Baadaye tuligundua kwamba ni mchezo wa zamani. Vilevile, kabla ya kuagiza samaki anayeuzwa kwa uzito, apimwe mbele yenu na bei itajwe kwa sauti. Na wakati ule neno kuver katika hesabu lilikuwa malipo ya kukalia meza, nasi tulijifunza kuuliza mapema kama yapo.

Mchango wa nne

Sisi tulikwenda mwezi wa Ramadhani, na wengi walituonya kwamba tutakaa njaa mchana kutwa. Si kweli, kwa kuwa migahawa mingi ilikuwa wazi, ingawa mimi na mume wangu tulikuwa tumefunga. Ugomvi wa mleta mada kwetu haukuwepo, maana asubuhi yote ilikuwa ya kuona, mchana wa kulala, na chakula kilikuwa na saa yake isiyobishaniwa.

Saa moja kabla ya magharibi tulikuwa tukijipanga foleni ya tanuri pamoja na wenyeji, kusubiri pide ya Ramadhani, mkate mpana wenye mistari iliyobonyezwa kwa vidole na kunyunyiziwa ufuta na habasoda. Huuzwa ukiwa moto kiasi kwamba mume wangu aliubeba kwa kuuhamisha mkono hadi mkono kama mtu aliyeokota kaa. Kisha tulitandika shuka katika uwanja ulio kati ya Hagia Sophia na msikiti wa Sultanahmet, ule wenye minara sita uliokamilika mwaka 1616, katikati ya mamia ya familia zilizokuja na sufuria zao. Jirani zetu, bibi mmoja na binti yake, walipoona tuna mkate, tende na maji tu, walitusogezea bakuli la supu ya dengu bila kuuliza tumetoka wapi. Baada ya adhana ziliwaka taa zilizotundikwa kati ya mnara na mnara, zikiwa zimepangwa kuwa maandishi. Wanaziita mahya, na msikiti wenye mnara mmoja hauwezi kuwa nazo, kwa kuwa hazina pa kufungiwa upande wa pili.

Kitu ambacho bado nakiota ni güllaç, kitamutamu cha mwezi huo: karatasi nyembamba za wanga zilizoloweshwa katika maziwa yenye maji ya waridi, zikatiwa njugu na punje za komamanga. Ni laini na baridi, wala haikinaishi kama baklava. Mume wangu hakuipenda, anasema ni kama kula pazia lililoloa. Nilikula yake pia. Kuhusu daku, hamhitaji saa ya kuamsha. Mpiga ngoma alipita chini ya dirisha letu kila usiku.

Mchango wa tano

Wanangu, nimewasoma nikacheka. Sisi tulikwenda tukiwa watu wazima, mama yenu akiwa na magoti yasiyopenda vilima, na mji ule ni vilima na mawe ya barabarani. Hakuna aliyetuambia kwamba ukitaka kwenda msikiti wa Süleymaniye, usipande kutokea Eminönü bali ushuke tramu kituo cha Beyazıt na kuupitia ukuta wa chuo kikuu, ambako njia si ya kupanda sana. Tulijifunza siku ya pili, baada ya siku ya kwanza kuishia katikati ya mlima tukiwa tumeketi kwenye ngazi za duka la masufuria, mwenye duka akituletea viti na chai.

Msikiti huo ulijengwa na Mimar Sinan, msanifu majengo wa masultani, kati ya mwaka 1550 na 1557, na kwa macho yangu unaushinda ule wa Sultanahmet, ambao watu hukimbilia kwa sababu ya vigae vyake. Hapa kuta zimeachwa zipumue, na mwanga unaingia kwa kipimo. Nyuma ya msikiti kuna makaburi ya Sultan Süleyman na mkewe Hürrem, kila mmoja katika jengo lake, yakiwa jirani. Hürrem alifariki mwaka 1558 na Süleyman mwaka 1566. Mama yenu aliuliza kwa nini hawakulazwa chumba kimoja. Nilimjibu kwamba pengine mmoja wao alikuwa akikoroma, na alininyamazia hadi tulipofika mezani.

Mezani penyewe ni ng’ambo ya barabara, ambako kuna safu ya migahawa inayopika maharage meupe, kuru fasulye, kwa nyanya na siagi, na kuyapakua pamoja na wali na achari. Mama yenu amepika maharage maisha yake yote na si mwepesi wa kusifu chungu cha mwingine. Alionja, akaweka kijiko chini, akamwita mpishi. Hawakuwa na lugha ya pamoja, lakini walizungumza kwa mikono kwa robo saa kuhusu kuloweka, moto mdogo na wakati wa kutia chumvi, nami nikaendelea kula.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu, na asanteni nyote. Naona nina deni la kumalizia habari ya Topkapı.

Kabla ya hapo niseme juu ya kahawa, kwa kuwa mke wangu amenikumbusha. Kule sukari hutiwa wakati wa kupika, hivyo mtu hutakiwa kusema mapema kama anataka sade, yaani isiyo na sukari, au orta, ya wastani. Maji yanayoletwa pembeni hunywewa kwanza, na machicha ya chini huachwa, mimi niliyanywa. Waturuki wana msemo kwamba finjani moja ya kahawa ina hatiri, yaani wema wa kukumbukwa, ya miaka arobaini, na neno wanalolitumia ni hilo hilo, hatır. Tulipolisikia kwa mzee wa mkahawani, mke wangu alinigeukia na kusema kwamba basi ile finjani ya Jumatatu, niliyomharakisha akaiacha nusu, inanidai miaka ishirini.

Topkapı tulikwenda Alhamisi, baada ya kifungua kinywa kirefu na bila daftari. Nilidhani nitamchosha. Tuliona hazina na ile almasi ya karati 86, akapita kama anayepita dirisha la duka. Kisha tukaingia jikoni mwa kasri, majengo marefu yenye kuba na mabomba ya moshi yaliyojengwa upya na Sinan baada ya moto wa mwaka 1574, na huko mke wangu akasimama. Aliyazunguka masufuria ya shaba ambayo mtoto angeweza kuogea, akahesabu vijiko, akahamia vyombo vya kaure vya kutoka China, akasoma kibao kimoja kimoja. Nilipochoka nilitoka uani, nikaketi kwenye kivuli karibu na mlango. Ningelikuwa na kisu na ningelikuwa nimesoma habari za Halfdan kabla ya safari, nadhani jina langu lingekuwa pale ukutani.