Ninapochomeka pampu ya insulini pamekuwa pagumu kama donge, nifanyeje?

MamaMapacha:
Habari zenu wapendwa. Natumia pampu mwaka wa 4 sasa na imenisaidia sana, sitamani kabisa kurudi kwenye sindano. Ila kushoto kwa kitovu pameinuka, nikipapasa nasikia kitu kama mpira hivi, na juu yake vidoa vyeusi vingi pale kanula (kile kimrija cha pampu kinachoingia chini ya ngozi) zilipokuwa zinaingia. Hapaumi hata kidogo, yani hapo ndo pana raha ya kuchomeka kuliko popote ndo maana narudia hapo hapo. Kinachonichanganya ni sukari, chakula kilekile dozi ileile lakini leo inapanda mpaka 16 (mmol/L) kesho inashuka usiku wa manane, nimeshaongeza dozi mara 3 na hakuna kilichotulia. Vinahusiana au ni ngozi tu imechoka?

sukari_miaka20:
Pole sana dada. Vinahusiana tena sana. Hayo ni mafuta ya chini ya ngozi yamekua, insulini ikimwagwa sehemu moja muda mrefu inayachochea, madaktari wanaita lipohaipatrofi. Hapaumi kwa sababu hisia zimepungua pale, na hiyo raha ndo inayotuponza wengi. Insulini ukiiweka humo mwili hauinyonyi sawasawa, mara inachelewa mara inakuja kwa mkupuo. Mimi nilikuwa nayo pande zote mbili, nikahangaika na chakula weee kumbe tatizo liko pale chini ya plasta. Niliacha kabisa kugusa hapo, nikawa nazunguka, tumbo sehemu nyingine, mapaja, juu ya makalio, nyuma ya mikono, kila nikibadilisha nasogea vidole viwili kutoka tundu lililopita. Kanula ya plastiki usizidishe siku 3, ya chuma siku 2. Donge lilichukua miezi mitano hivi kulainika, na vidoa vyeusi vinachelewa zaidi ya hapo.

Kiti_cha_Dirishani:
Naomba nidandie hapa hapa, mimi sina donge ila nawashwa, nikibandua plasta panabaki vipele na ngozi inachubuka. Ndo hii hii?

nesi_wa_kliniki:
@Kiti_cha_Dirishani hapana, wewe angalia umbo. Vipele vikifuata ukingo wa plasta basi ni gundi, kuna kemikali inaitwa isobonili akrileti ambayo imewahi kukutwa kwenye gundi za baadhi ya pampu na sensa (vile vifaa vya kubandika vinavyosoma sukari) na inawapa watu aleji. Ongea na kliniki wakubadilishie aina, na usibandue plasta ikiwa kavu. Kama panauma, pana joto au panatoa usaha hiyo ni maambukizi, toa kanula uonwe mapema. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pima joto kwa mgongo wa mkono.

@MamaMapacha wewe nina wasiwasi na hizo dozi ulizoongeza. Uliziongeza kwa ajili ya donge, ukihamia ngozi isiyo na donge insulini itafanya kazi yote na utashuka vibaya. Usihame kimya kimya, waambie kliniki wakupunguzie kwanza, halafu upime mara kwa mara mpaka usiku, sukari ya kulamba iwe karibu na kitanda. Na siku sukari ikipanda na hairudi chini hata baada ya dozi ya kurekebisha, shuku kanula kwanza, pima ketoni (asidi zinazojengeka mwili ukikosa insulini), jichome kwa sindano au kalamu ya insulini, kisha badilisha seti yote (kanula na kamba yake). Pampu inatoa insulini ya haraka tu, ikikatika mwilini hakuna akiba, ketoni zinapanda ndani ya masaa machache.

MamaMapacha:
Asanteni mno, Mungu awabariki. Nimejipapasa bafuni na sabuni nikakuta na kulia kapo kadogo, sikuwahi kujua. Kliniki wamenipunguzia dozi juzi nikahamia paja, na pamoja na kupunguza bado saa 9 usiku sensa imeniamsha nina 3.6. Nimekaa kitandani nimeshika glasi ya juisi nawaza ningeingia na dozi ile ya zamani ingekuwaje. Mchana wa leo baada ya kula haijavuka 10, sijaona hiyo muda mrefu. Sasa paja nguo inavuta kamba ya pampu, nyie mnafanyaje?

sukari_miaka20:
Weka upande wa nje wa paja, juu juu, sio kwa ndani panaposuguana. Kamba ikunje kitanzi uibandike na plasta pembeni ya kanula, ikivutwa inavutika plasta sio kanula.