Sababu za rufaa kutoka Baraza la Ardhi kwenda Mahakama Kuu: ziandikweje?

Mpwa wa Mrufani
Ndugu zangu, habari za kazi. Mjomba wangu ameshindwa kesi ya kiwanja katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nasi tumeazimia kukata rufaa bila wakili kwa kuwa fedha haitoshi. Nimeandika sababu za rufaa kurasa nne, ya kwanza ikisema: "Kwamba mrufani ameishi katika kiwanja hicho tangu 1987, majirani wote wanajua, na mwenyekiti alimpendelea mwenzake." Jamaa mmoja aliyewahi kuwa karani amesema hiyo ni hadithi tu. Kosa liko wapi?

Wakili wa Mkoani
Jamaa huyo amekwambia kweli. Amri ya XXXIX, kanuni ya 1(2), ya Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Tanzania, Sura ya 33, inataka sababu ziandikwe kwa ufupi, kila moja peke yake, zipewe namba kwa mfuatano, na zisichanganywe na hoja wala masimulizi. Katika rufaa kinachoshtakiwa ni hukumu, kwa hiyo kila sababu sharti ionyeshe Baraza liliamua nini na likakosea wapi. Ningeiandika hivi: "Kwamba Baraza lilikosea kisheria kwa kutouchambua ushahidi wa shahidi wa pili wa mrufani kuhusu umiliki wa kiwanja." Habari za 1987 na majirani utazieleza siku ya kusikilizwa. Hilo la upendeleo liondoe kabisa, isipokuwa kama mwenendo wa shauri (kumbukumbu ya yaliyosemwa na kufanyika barazani) wenyewe unalionyesha.

Soma pia mwenendo huo uone kama maoni ya wazee wa baraza (washauri wanaokaa na mwenyekiti) yaliandikwa na kusomwa mbele ya wadaawa, yaani pande zote za kesi, kabla ya hukumu. Mahakama ya Rufani imeshabatilisha mashauri kadhaa kwa dosari hiyo, ingawa matokeo yake mara nyingi huwa shauri kurudishwa kusikilizwa upya, wala si mrufani kukabidhiwa kiwanja.

Mzee wa Masjala
Mimi nakazia muda, maana hapo ndipo wengi huanguka hata kabla ya sababu zao kusomwa. Rufaa ya namna hii hukatwa ndani ya siku 45 tangu uamuzi kutolewa. Hati ya rufaa, yaani karatasi yenye sababu zenu, isainiwe na mrufani mwenyewe au wakili wake, na iambatanishwe na nakala ya hukumu na dikrii (amri rasmi inayotokana na hukumu). Ombeni nakala kwa barua, mtunze barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu siku za kusubiri nakala zinaweza kuondolewa katika hesabu. Mkichelewa, itawabidi kwanza kuomba kuongezewa muda kwa sababu ya msingi.

Mpwa wa Mrufani
Nawashukuru sana. Tumepata mkataba wa mauziano ambao haukutolewa barazani. Je, niuweke kuwa sababu ya tano?

Wakili wa Mkoani
Hapana. Ushahidi mpya huombewa kibali chini ya kanuni ya 27 ya Amri hiyo hiyo, na mahakama hukitoa kwa nadra, hasa pale Baraza lilipokataa isivyo halali kupokea ushahidi uliopaswa kupokelewa. Kama mkataba ulikuwa sandukuni kwa mjomba muda wote wa kesi, msiutegemee sana. Ukisahau sababu muhimu hatini, kanuni ya 2 inakutaka uombe ruhusa ya mahakama kabla ya kuizungumzia. Kwa hiyo punguza maneno, lakini usipunguze hoja za kisheria.