Tupeane uzoefu: Likizo ya marafiki kisiwani Malta

Binti wa Mtongwe
Wenzangu, jana nilikuwa nikipanga kabati, na katika mfuko wa mkoba wa zamani nikakuta tiketi ya feri ya Gozo, kisiwa jirani katika nchi hiyo ya Malta, imekunjwa mara nne na maandishi yake yamefifia. Nilikaa nayo kitandani kwa muda mrefu. Tulikwenda Malta mwezi wa Septemba, marafiki sita, tukapanga nyumba moja katika mji wa Sliema na kumteua mwenzetu mmoja awe mhazini. Siku ya nne tulikwenda Gozo. Mhazini alikusanya euro tano tano za nauli, tukafika bandari ya Ċirkewwa, tukapanda feri, tukavuka kwa dakika 25 hivi, na hakuna aliyetudai hata senti moja. Mimi nimekulia Mtongwe, na kwenye kivuko cha Likoni anayekwenda kwa miguu hatozwi nauli. Basi nikaamini kwamba na huko ni vivyo hivyo, na kwamba shoga yangu amezila fedha zetu. Sikungoja tuwe peke yetu. Nilimwambia mbele ya wote, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Jioni, tuliporudi bandari ya Mġarr, upande wa Gozo, tulikuta dirisha la tiketi na foleni ndefu: kumbe nauli ya kwenda na kurudi hulipwa wakati wa kutoka Gozo. Alitoa noti zile zile kwenye bahasha, akalipa, akamkabidhi kila mtu tiketi na chenji yake. Mimi alinipa bila kunitazama. Naomba mliosafiri na marafiki visiwa vile mtueleze yaliyowakuta.

Mpwa wa Pangani
Dada, hata sisi tulishangaa pale Ċirkewwa. Bahati yetu ni kwamba mwenye nyumba alikuwa ametueleza mapema.

Msafiri wa Leicester
Ulipotaja feri, mimi nilikumbuka Comino, kile kisiwa kidogo kilicho katikati ya Malta na Gozo. Tulikuwa watano, mwezi wa Agosti, na tulichukua boti kwenda kuogelea Blue Lagoon, ambako maji ni meupe ya samawati na watu wamejaa juu ya mawe hadi huna pa kutandika taulo. Mwenzetu mmoja alichoshwa na msongamano, akasema anakwenda kuutazama mnara wa Mtakatifu Maria, ule uliojengwa mwaka 1618, kisha atarudi. Ilipofika saa kumi na moja jioni watu walikimbilia boti ya mwisho ya kampuni yetu kama wanaogombea daladala, kila mmoja akidhani mwenzake amekaa nyuma. Boti ilipokwisha kung'oa nanga ndipo nikahesabu vichwa, tukawa wanne. Nilihesabu tena. Nahodha alisema hawezi kugeuza. Nikafungua begi nililokuwa nimelibeba, nikaona simu yake, chupa yake ya maji, na mfuko mdogo wa dawa zake za kisukari. Ndugu zangu, Comino haina mji wala duka la dawa, karibu hakuna mtu anayeishi huko, na miti ya kivuli ni ya kuhesabu. Nilisimama gatini Ċirkewwa nikiwa nimekumbatia lile begi, nikimsimamisha kila mwenye boti, nikishindwa hata kukumbuka mwenzangu alivaa shati la rangi gani. Giza lilipoanza kuingia, familia moja yenye boti yao ilimleta. Walikuwa wamemkuta ameketi juu ya jiwe, anatetemeka na jasho linamtoka, wakampa soda na biskuti. Aliposhuka hakunilaumu, aliuliza tu kama sisi wote tumefika salama.

Jirani wa Ukonga
Pole, lakini siwezi kunyamaza. Mnawezaje kupanda boti bila kumwona mgonjwa wenu kwa macho?

Msafiri wa Leicester
Kaka, swali hilo nimejiuliza kila siku tangu jioni ile. Sina jibu la kukupa.

Mwalimu Mstaafu
Jirani wa Ukonga, mtu mzima naye anao wajibu wa kubeba dawa yake mwenyewe. Ushauri wangu ni kwamba kila mtu apewe wa kumwangalia, wawili wawili, kama tunavyowavusha watoto wa chekechea barabara.

Jirani wa Ukonga
Wawili wawili wakigombana je, nani atamwangalia nani?

Mkaazi wa Luton
Sisi tulivunjika hata kabla ya kufika. Tulio na pasipoti za Tanzania na kibali cha kuishi Uingereza tunahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, kuingia Malta, lakini mwenzetu mmoja alikuwa na viza ya kuingia mara moja tu, naye alikwisha kuitumia Ufaransa wakati wa Pasaka. Alirudishwa kaunta ya ndege na begi lake, huku sisi tumeshalipia nyumba ya watu wanne. Someni pasipoti za wenzenu kwa macho yenu. Halafu kodini gari, kwani huko huendeshwa upande wa kushoto kama nyumbani.

Mpwa wa Pangani
Gari msithubutu! Kampuni huzuia dhamana kubwa kwenye kadi ya mtu mmoja, na likikwaruzwa ndipo mtakapojuana. Pandeni basi.

Mama Ruwi
Nami nichangie kutoka Muscat. Jumapili moja tulikwenda soko la Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi huko Malta, ambako mitumbwi yao imechorwa macho kwenye omo kama majahazi ya Lamu. Wenzangu wawili walikuwa hawasemezani tangu juzi yake kwa sababu ya zamu ya kupika. Bibi muuza samaki alianza kutuhesabia kwa Kimalta, na alipofika *sitta, sebgħa*, wote wawili walidakia kwa sauti moja, "Sita, saba!" Walicheka hadi bibi naye akacheka, na jioni walikaanga samaki wale pamoja. Dada wa Mtongwe, je, wewe na mhazini mlipatana?

Binti wa Mtongwe
Mama, nilimwomba radhi usiku ule ule naye akasema yamekwisha, lakini tangu turudi Mombasa tumekuwa watu wa salamu za Idi. Leo asubuhi nimempigia picha ile tiketi na kumtumia. Ameiona. Hajaandika kitu bado.