Nina miaka 61, nataka kuandika hadithi za mashabiki. Nianzie wapi?

Mstaafu_Tanga
Habari zenu wakuu. Muda ninao, na Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa vitabuni wa Kiingereza, namjua tangu ujana. Nataka kutunga visa vipya vya wahusika wale wale, kwa Kiswahili. Cha kwanza kiwe kirefu kiasi gani? Kisheria ikoje? Nikiweke wapi kisomwe? Nimepanga riwaya ya sura 30, Holmes anakuja Zanzibar.

KalamuKavu
Shikamoo mzee. Hizo sura 30 zikae kabatini kwanza. Hadithi ya upelelezi ukiitoa sura moja moja kabla hujaimaliza, unafika sura ya 9 ndipo unagundua kidokezo cha sura ya 2 hakikai sawa, na watu wameshakisoma. Wengi huishia hapo.

Anza na kisa cha maneno 100 kamili, si 99 wala 101. Kinakufunza kukata. Baadaye tukio moja la maneno 1,500 hadi 2,500, mahali pamoja, usiku mmoja.

Mada itafute kwenye pengo la hadithi asilia. Holmes aliwahi kukaa kitini akaupiga ukuta wa sebule risasi mpaka zikachora herufi V.R., za jina la Malkia Victoria. Mwenye nyumba ni Bi Hudson. Alisema nini? Matundu yale aliziba nani, na gharama ililipwaje? Mwandishi hakutuambia, kwa hiyo ni pako. Au jeraha la Watson, yule daktari rafiki yake: kisa kimoja liko begani, kingine mguuni.

Aya ya kwanza usimweleze Holmes ni nani, msomaji kaja kwa sababu anamjua. Na usiingie kichwani mwake. Visa karibu vyote anasimulia Watson. Tukisikia Holmes anachowaza, fumbo limekwisha.

BintiMakunduchi
Shikamoo babu. Upande wa sheria umechagua vizuri. Visa vya Conan Doyle, mtunzi wa Holmes, vilitoka kati ya 1887 na 1927, na hata Marekani vya mwisho viliacha kulindwa na hakimiliki tarehe 1 Januari 2023. Ila tamthilia ya BBC, ile ya Holmes mwenye simu ya mkononi, ina wenyewe. Usichukue mhusika wala tukio lililobuniwa humo ukauza. Vivyo hivyo Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Kiswahili: mtunzi wake, Muhammed Said Abdulla, alifariki 1991, hakimiliki bado ipo.

Pa kuweka, napendekeza Archive of Our Own, tovuti ya hadithi za mashabiki. Ni bure na haina matangazo. Akaunti hupewi papo hapo: unaacha baruapepe kwenye foleni, unasubiri mwaliko. Ukishaingia, utatakiwa kujaza kichwa, ulimwengu wa hadithi, daraja la umri, tahadhari na lugha. Lugha chagua Kiswahili, maana wanaochuja kwa lugha watakukosa ukiacha Kiingereza. Kwenye tahadhari, kama mhusika mkuu anakufa, ama sema, ama chagua kile kipengele cha kutotaja. Ukiandika kwamba hakuna kitu halafu ukamuua Watson, utasemwa, na watakuwa na haki.

Namba ya M-Pesa ya kuchangiwa usiweke, kanuni zao zinakataza.

Mstaafu_Tanga
Marahaba wote. Nimeandika kwenye Word. Nanakili tu na kubandika?

KalamuKavu
Bonyeza kwanza "Rich Text" juu ya kisanduku cha kuwekea hadithi, ndipo ubandike. Ukibandika kwenye upande wa pili, wa "HTML", mlazo wa maneno yote unapotea. Kisha bonyeza "Preview" uone kama mistari mitupu haijaongezeka kati ya aya.

Nakala halisi ibaki kwenye kompyuta yako. Rasimu usiyoichapisha pale hufutwa yenyewe baada ya kama mwezi mmoja, na hairudi.

BintiMakunduchi
Na kabla ya kuchapisha, mpe mtu mmoja anayewajua wahusika aisome. Mwambie akuwekee alama kila sentensi ambayo Holmes asingeitamka. Makosa ya herufi yasubiri.