Picha za gari langu zinalitia aibu, nakosea wapi?

Mwenye IST
Wakuu, habari za jioni. Nauza IST yangu nyeusi ya 2004, nimeitunza kama yai. Jumamosi niliiosha, nikaipiga picha saa saba mchana hapa uani Tabata. Balaa! Boneti inameremeta nyeupe, ubavuni giza tupu, bampa limevimba kama shavu la mgonjwa wa jino. Mlangoni naonekana mwenyewe na kaptura, nyuma yangu kamba ya nguo za shemeji. Natumia simu ya kawaida tu.

Mpiga Harusi
Mkuu, saa saba Dar jua liko utosini, hata bibi harusi hatoki vizuri. Nenda saa kumi na moja na nusu jioni. Na jua likizama usikimbilie nyumbani: ile robo saa ya mwanga wa mbingu peke yake ndiyo gari jeusi hulipenda, mikunjo ya bati inajichora yenyewe.

Jeusi lililooshwa ni kioo, kwa hiyo kabla hujapiga geuka uone kinachotazamana nalo. Tafuta uwanja mtupu. Vaa nguo nyeusi.

Bampa limevimba kwa sababu ulilisogelea mno. Rudi hatua kumi, kisha vuta picha karibu mara mbili (2x) kwenye simu. Chuchumaa mpaka simu iwe usawa wa taa (suruali zangu zote zimetoboka magotini kwa kazi hii). Ukisimama kona ya mbele kushoto, kata usukani kulia, rimu itakutazama. Halafu gusa gari kwenye skrini, ushushe mwanga kidogo. Simu ikiona cheusi hudhani ni giza, inakugeuzia gari la kijivu.

Mama Wawili
Mimi mnunuzi. Picha zikipendeza mno nashtuka. Nipigie dashibodi injini ikiunguruma, kilomita zisomeke. Matairi pia, na ule mkwaruzo unaoujua wewe. Nisiukute Tabata baada ya kupanda daladala mbili.

Mwenye IST
Mama, mkwaruzo upo, mlango wa nyuma kulia, nimeupiga kwa karibu.

Leo nimeenda uwanjani saa kumi na moja na nusu. Bampa limepona, rimu inacheka. Ila watoto waliokuwa wakicheza mpira walisimama kunishangaa, na sasa mlangoni ipo timu nzima, na kipa wao kashika kiuno. Kesho narudi wakishaitwa kuoga.