Mitumba ikipigwa marufuku, viwanda vya nguo vitasimama? Mimi nasema bado

Wadau, kila bajeti ikikaribia hoja inarudi ile ile: pigeni marufuku mitumba, viwanda vyetu vifufuke. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa taratibu, lengo likiwa 2019. Marekani ikatishia kutufungia mlango wa AGOA, yaani mpango wake wa kuruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwake bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo, kutoka senti 20, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye unafuu huo.

Mimi nauza khanga na vitenge Kariakoo. Naomba mnijibu: nani amewahi kufungua belo la mitumba akakuta doti ya khanga? Huko mitumba haipo kabisa. Mbona basi rafu yangu imejaa khanga za India na vitenge vya China? Mama yangu alijifunga khanga za kiwanda cha Urafiki, za hapo hapo Ubungo.

Mwaka juzi niliagiza doti 400 kutoka kiwanda kimoja cha humu nchini kwa ajili ya Idi. Pamba nzito, rangi haichuji, wateja wanaipenda. Mzigo ukaingia wiki mbili baada ya Idi, tena nyingine pindo limepanda juu ya jina, maneno yanasomeka nusu. Anayeniletea za India alishanitumia sampuli kwa WhatsApp tangu Rajabu.

Simlaumu fundi wa mashine. Msimu wa pamba unafunguliwa mwezi wa tano, na baada ya miezi michache sehemu kubwa imeshauzwa nje. Kiwanda kisicho na fedha ya kununua pamba ya mwaka mzima wakati ule ule kitaanza kuhangaikia marobota Ramadhani ikiwa mlangoni. Marufuku ya mitumba haimpi mwenye kiwanda mkopo wa msimu wenye riba nafuu, wala haimleti mtu wake wa soko akae hapa dukani asikie akina mama wanaulizia jina gani.

Kwenye mashati na suruali nawaelewa wanaotaka marufuku. Hakuna kiwanda kitakachoshona shati kwa bei ya mtumba. Lakini kwa nini tusianze na khanga, ambako uwanja uko wazi? Mliofanya kazi viwandani, niambieni: mzigo wa Idi unakwama wapi?